Picha zangu ni nzuri lakini "hazifundishi": nianze upya?

*"Niko Dodoma mjini, kazi yangu ni kuchora mabango na katuni. Nimepewa matini ya kitabu cha watoto wa miaka 7 hadi 10 kuhusu historia ya mawasiliano: kurasa 32, A4 ya wima, rangi nne. Kinaanza na michoro ya Kondoa ('jinsi watu wa mapangoni walivyoandikiana ujumbe'), kinapita kwenye ngoma zinazoongea, barua, telegrafu, simu na redio, kinaishia kwenye intaneti. Nimemaliza kurasa sita. Kila ukurasa una kifaa kikubwa katikati na watoto wakikishangaa. Mhariri anasema picha ni nzuri ila hazifundishi, na hakufafanua zaidi. Juu ya hapo, sampuli niliyochapisha imetoka na nyuso za watoto nyeusi tii, macho hayaonekani. Nimebakiwa na miezi minne. Nianze upya? Na nitajuaje kwamba ninachochora ndivyo kilivyokuwa?"*

Ndugu yangu, usichane kitu. Una shida tatu zilizofungwa kwenye furushi moja, na kila moja ina dawa yake: picha zinaonyesha vifaa badala ya kazi ya vifaa, baadhi ya mambo kwenye matini yenyewe si sahihi, na wino umemeza nyuso. Miezi minne inatosha kurekebisha zote, mradi uanze na penseli kabla ya kurudi kwenye rangi.

Nianze na neno la mhariri, kwa sababu ndilo linalokuuma na ana haki nalo. Mtoto wa miaka saba hasomi maandishi kwanza. Anaiangalia picha, anaamua inasema nini, kisha ndipo anaposoma maandishi, tena mara nyingi kwa msaada wa mtu mzima. Ukimchorea mashine ya telegrafu katikati ya ukurasa na watoto wakiishangaa, anachojifunza ni kwamba zamani kulikuwa na kitu cha shaba juu ya meza. Hajui nani alikibonyeza, wala kilichotoka pale kilikwenda wapi. Mawasiliano si kifaa, ni safari. Kwa hiyo kila kurasa mbili zinazotazamana zimwonyeshe ujumbe umetoka kwa nani, umebebwa na nini, umechukua muda gani njiani na umemfikia nani. Kurasa mbili zinakupa nafasi nzuri kwa hilo: mtumaji kushoto, mpokeaji kulia, na safari yenyewe ikivuka mkunjo wa kitabu.

Ningekushauri umwombe mwandishi mkubaliane ujumbe mmoja utakaosafiri kitabu kizima. Kwa mtoto wa Dodoma sioni ulio bora kuliko "Mvua imenyesha." Kwenye nchi hii ya ukame hiyo ni habari nzito ya kumtafuta mtu kumpa. Tarishi anakimbia nayo kwa miguu, karani anaiandika kwa kalamu ya wino, telegrafu inaigonga, redio inaitangaza, bibi anaipokea kwenye simu yake ya tochi. Ujumbe ukiwa ni uleule, mtoto ataona mwenyewe kilichobadilika: mwendo, gharama, na idadi ya watu wanaosikia kwa mara moja.

Ujumbe huo usianze kwenye ukurasa wa Kondoa, na hapa lazima uzungumze na mwandishi kabla hujaendelea. Sentensi ya "watu wa mapangoni walivyoandikiana ujumbe" ina makosa mawili. La kwanza, michoro ya Kondoa haiko ndani ya mapango marefu yenye giza. Iko kwenye nyuso za wima za miamba mikubwa iliyochomoza juu kama paa la baraza, mahali penye kivuli lakini mchana unaona vizuri. Kama umechora mtu ameshika mwenge gizani, huo si Kondoa. La pili, si maandishi. Yapo maeneo zaidi ya 150 yenye michoro, mingine ikiwa na umri wa miaka elfu mbili na zaidi, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna michoro myekundu ya wawindaji, yenye watu warefu wembamba na wanyama kama twiga na pofu, na kuna myeupe ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Lakini hakuna anayeweza kuisoma kama barua, na baadhi ya sehemu bado zinatumiwa na wenyeji kwa matambiko. Kitabu kiseme hivyo waziwazi: watu hawa waliacha alama, na sisi bado tunajiuliza zilikuwa na maana gani. Watoto wanaipenda sana kauli hiyo, kwa sababu inawaachia nao nafasi ya kujiuliza.

Kolo, kijiji cha kuanzia safari ya kuiona michoro hiyo, kiko kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara ya kwenda Babati. Nenda. Pita kwanza ofisi ya hifadhi ya michoro iliyopo pale, lipa kiingilio, chukua mwongozo, na ueleze kwamba picha ni za kitabu ili upate ruhusa inayostahili. Chora pale pale kwenye daftari, na karibu na kila mchoro andika kipimo ukilinganisha na kiganja chako bila kugusa mwamba. Usiumwagie maji ili rangi iwake kwenye kamera. Maji hubeba chumvi za jiwe hadi juu, na rangi hubanduka. Picha za mtandaoni zitakupotosha kwa sababu nyingi zimeongezwa wekundu. Rangi yenyewe ni udongo wenye kutu ya chuma, imepauka, iko karibu na tofali kuukuu. Tena kunakili picha ya mpiga picha mwingine mstari kwa mstari bila ruhusa kunaweza kuwa kuvunja hakimiliki yake, hata kama mchoro wenyewe una miaka elfu mbili.

Ngoma zinazoongea nazo zinataka uangalifu. Zipo kweli, lakini si kila ngoma ya Afrika iliongea. Walokele wa Kongo walikuwa na gogo lililochimbwa ndani kupitia mpasuo mwembamba, halina ngozi, na kingo mbili za mpasuo hutoa sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Lugha yao ina toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Ngoma iliiga kupanda na kushuka huko, na kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa toni, mpigaji alitumia misemo mirefu ili asieleweke vibaya. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, kwa hiyo hakiwezi kupigwa hivyo. Ukichora ngoma ya ngozi halafu ukaweka maneno ya Kiswahili yakiruka kutoka juu yake, umefundisha uongo mara mbili. Ngoma za muheme za wanawake wa Kigogo ni urithi mkubwa, lakini kazi yao ni unyago na sherehe. Zichore kwa kazi hiyo.

Kama unataka chombo cha tangazo ambacho Mswahili anakijua, unacho mdomoni tayari: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Watoto wengi wanaijua methali hiyo na hawajawahi kuiona mbiu. Ni pembe ya mnyama, na pembe za aina hii hupulizwa kwa ubavuni: tundu liko kando, karibu na ncha, si kwenye ncha yenyewe kama tarumbeta. Mpigaji huishika kwa ulalo, mashavu yamejaa. Mbiu haisemi habari, inasema "njooni", na habari husemwa kwa mdomo watu wakishakusanyika. Hapo una picha mbili zinazofundisha: kwanza pembe na watu wanaoinua vichwa mashambani, kisha kusanyiko.

Telegrafu ndiyo itakayokupa kazi zaidi, na pia ndiyo yenye utamu. Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844. Kwa Dodoma, simulizi yake inakwenda na reli ya kati, iliyofika hapa mwaka 1910. Wachoraji wengi huchukua nguzo ya umeme iliyopo nje ya dirisha lao na kuiita ya telegrafu. Ondoa transfoma, ondoa nyaya nene tatu. Waya wa telegrafu ni mwembamba, na unaweza kuwa mmoja tu, kwa sababu umeme hurudi kupitia ardhini. Kila nguzo ina kikombe cha kaure kinachoushika waya, ili umeme usivujie kwenye nguzo mvua inaponyesha. Kichore kikombe hicho kwa ukubwa pembeni, na tone la maji likidondoka kutoka ukingoni mwake. Upande wa mtumaji kuna kitufe cha kubonyeza na betri. Upande wa mpokeaji kuna koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma: umeme ukipita, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kijimkono, kinalia "tak". Umeme ukikatika, kijimkono kinarudi. Ni hayo tu. Herufi hazikimbii ndani ya waya, na tafadhali usizichore zikikimbia.

Badala yake chora muda. Katika alama za Morse kila herufi ni mchanganyiko wa milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari): nukta huchukua kipimo kimoja cha muda, mstari huchukua vitatu, kati ya alama za herufi moja kuna kimya cha kimoja, na kati ya herufi na herufi kimya cha vitatu. Neno DODOMA ni hivi: D mstari-nukta-nukta, O mistari mitatu, kisha D na O tena, M mistari miwili, A nukta-mstari. Ukihesabu vyote, pamoja na kimya, unapata vipimo 63. Kurasa mbili za A4 zikitazamana zina upana wa milimita 420. Zichore alama hizo kama ukanda wa miraba: kila kipimo kikipewa mraba wa milimita 6, ukanda wako una milimita 378 na unaenea karibu upana wote wa kitabu kilichofunguliwa. Uzuri wake ni kwamba mkunjo wa kitabu unaangukia kwenye kimya kilicho kati ya DOD na OMA. Anza ukanda milimita 15 kutoka ukingo wa kushoto, na katikati ya kimya hicho itakaa juu ya mkunjo sawasawa. Kulia zitabaki milimita 27. Mtoto atapitisha kidole juu ya ukanda huku akigonga dawati kwa mkono wa pili. Kwa ukanda huo mmoja ataielewa telegrafu kuliko kwa mashine kumi za shaba.

Kwenye tukio hilohilo la 1910, angalia mandhari. Nyumba za Wagogo zilikuwa tembe: za mstatili, chini chini, paa bapa la udongo, zikizunguka ua. Nyumba ya msonge yenye paa la nyasi ndiyo "kijiji cha Afrika" cha vitabu vya wageni, na mtoto wa Bahi au Mpwayungu akiikuta atakuwa anafundishwa kwao kwa macho ya mtu mwingine. Vilima vya mawe na mibuyu havijahama, hivyo unaweza kuvichora ukiviangalia kwa macho. Redio nayo ina mtego wake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, lakini redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Picha ya 1951 iwe na redio kubwa ya mezani ya mbao yenye taa za vioo ndani, na watu wengi wakiizunguka. Kijana mwenye kiredio begani akichunga ng'ombe asubiri ukurasa wa mbele zaidi.

Kama unachora kwa kompyuta au tableti, jihadhari na kitufe cha kugeuza picha kushoto-kulia. Wachoraji hukitumia ili mhusika atazame upande mwingine, na vitabu vingi vimeharibika hapo. Barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zilivyoandikwa pwani karne nyingi, huanzia kulia. Ukiigeuza, inakuwa takataka, na wasomaji wengi wataligundua hilo siku ya kwanza. Mtafute mtu anayesoma hati hizo akuandikie "mvua imenyesha" kwa mkono wake, uinakili ilivyo. Herufi za risasi za mtambo wa kuchapia, zile alizozianzisha Gutenberg huko Mainz kwenye miaka ya 1450, zenyewe ziko kinyume, ili zikigonga karatasi zisomeke sawa. Hapo kinyume ndiyo sahihi. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina hukaa sehemu ya chini ya mji, si kwenye pindo. Breli, maandishi ya nukta ya wasioona, ndiyo inayowakosesha wengi: anayeandika kwa kibao na msumari huchoma nukta kwa nyuma ya karatasi, akianzia kulia, kisha huigeuza karatasi na kusoma kwa vidole kutoka kushoto. Kwa hiyo mikono ya anayeandika na ya anayesoma inakwenda pande tofauti. Buigiri, wilayani Chamwino, ipo shule ya siku nyingi ya watoto wasioona. Omba ruhusa kwa uongozi, ukaone kwa macho kabla ya kuchora mstari.

Sasa nyuso. Ngozi nyeusi si ngumu kuchapa, na dawa yake si kuwapauza watoto mpaka wafanane na wasio wa hapa. Tatizo ni nukta. Mtambo wa rangi nne huchapa vinukta vya samawati, majenta, njano na nyeusi, na kwenye karatasi ya bondi isiyo na ung'avu wino hunywewa na nukta hutanuka. Eneo ulilolipa asilimia 50 ya wino laweza kutoka kama asilimia 70. Kwenye anga huoni tofauti. Kwenye uso, ambako tayari ulikuwa karibu na giza, kivuli cha jicho na rangi ya shavu vinakuwa kitu kimoja. Hudhurungi ya ngozi ijengwe kwa majenta na njano, samawati kidogo, na wino mweusi usizidi asilimia 20 kwenye uso. Jaribu samawati 30, majenta 60, njano 70, nyeusi 5 kwa ngozi ya kati, kisha uongeze samawati kwenye vivuli kabla ya kuongeza nyeusi. Jumla ya rangi zote nne mahali popote isizidi asilimia 280. Acha mwanga kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na juu ya pua. Weupe wa jicho uwe karatasi tupu, na mstari wa kuzunguka uso uwe hudhurungi nzito badala ya nyeusi. Nyuma ya kichwa weka rangi nyepesi, maana uso mweusi juu ya ukuta mweusi hauonekani hata kwa wino bora wa dunia.

Badili faili kutoka rangi za skrini kwenda rangi nne mapema, si siku ya kupeleka. Kijani na bluu zinazowaka kwenye skrini hazipo kwenye wino, na ni bora ujue sasa. Kila kurasa mbili ziwe na nukta 300 kwa inchi kwenye saizi halisi, pamoja na milimita 3 za ziada pande zote za kukatwa, yaani pikseli 5031 kwa 3579. Usiweke uso wala neno kwenye mkunjo. Kitabu cha kurasa 32 kifungwe kwa pini, kwa sababu gundi itaubana mkunjo na kumeza ukanda wako wa Morse.

Kuhusu kurasa sita ulizonazo: chapisha kila moja ndogo, kata kifaa na watoto, uone mandhari ipi inabaki na maana. Mandhari mara nyingi huokolewa. Watoto wanaoshangaa waondoke, au wapewe kazi: mmoja abonyeze, mwingine apokee. Kama ukurasa wa Kondoa una mwenge na pango, huo uuache, uuchore upya baada ya Kolo.

Kisha kunja karatasi nane za A4 katikati, uzitie moja ndani ya nyingine, upate kitabu cha mfano cha kurasa 32. Ukurasa wa 1 ni jina, wa 2 na 3 ni maelezo ya uchapishaji na ufunguzi, wa 32 ni wa kumalizia, na zinabaki kurasa mbilimbili 14 za safari yako. Wiki mbili za kwanza ni za vijichoro kwenye kitabu hicho, nne zinazofuata ni za penseli, nane za rangi, na mbili za mwisho ni za masahihisho. Ukimaliza penseli, kabla ya rangi, waonyeshe watoto watano wa darasa la pili au la tatu, ufunike maandishi, uulize: "Hapa kuna nini kinafanyika?" Usiwasaidie. Akisema "kuna mashine", hujafika. Akisema "huyu anamwambia yule kwamba…", endelea.

Yapo mambo mawili ambayo huwezi kuyamaliza kwa kusoma jibu hili. Mkataba usiusaini kabla haujasema wazi nani atamiliki picha, masahihisho ni mangapi ndani ya malipo uliyokubali, na nakala halisi za mkono zitarudi kwako au la. Kama wanataka kununua haki zote kwa malipo ya mara moja, peleka mkataba kwa wakili au ukaulize Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kabla ya kuweka sahihi. Na prufu ya rangi, yaani sampuli ya kuidhinisha kabla ya kuchapa, usiikubali kwa picha iliyotumwa kwenye simu. Nenda kiwandani mwenyewe, omba ukurasa mmoja wenye nyuso uchapwe kwenye karatasi ileile itakayotumika, utoke nao nje uutazame mchana, kisha rudi ndani ukae na fundi wa mtambo mpaka macho ya watoto yaonekane.